Daktari wa Magunia

Mimi ni katibu muhtasi wa idara. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nafanya kazi chuo kikuu hunidhania mhadhiri, na wakishajua ukweli hunipunguzia heshima hapo hapo. Kazi yangu ni kupokea wageni, kupanga vikao, kutunza funguo na kuandika yanayosemwa na wenye haki ya kusema. Nimeona maprofesa wakiingia wembamba na kustaafu na vitambi. Mdomo ninao, tena mkali, waulizeni wenzangu wa ghorofa ya pili. Ila kikao kikishafunguliwa, mdomo huo hauna kibali.

Ninayetaka kuwasimulia ni Daktari wa Magunia. Jina hilo alipewa na wapagazi wa ghala la nafaka, walipomwona akizunguka na kile kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, anakibandika kwenye gunia hili, anafumba macho, anahamia lile.

"Vipi Daktari, gunia lina homa?" walimtania.

"Homa halina," aliwajibu bila hata kutabasamu. "Hili lina minyoo."

Basi watu hoi kwa kicheko. Yeye alikuwa hivyo, mpole mpaka unatamani kumtikisa, lakini utani wake ulikuwa unachoma palepale panapotakiwa. Mke wake ni muuguzi na kipimo kile kilikuwa chake. Kila akikihitaji kazini, alimpigia mumewe simu kumuuliza mgonjwa gani wa mahindi anaye leo.

Alikuwa anamfuatilia dumuzi. Kwa asiyemjua, dumuzi ni mdudu mdogo mweusi anayetoboa punje ya hindi na kuila ndani kwa ndani. Gunia kwa nje linaonekana zima, limeshonwa vizuri, mwenyewe unajisifu una akiba. Siku ukilifungua unakuta unga na maganda. Mwanafunzi wetu huyu wa uzamivu alitaka kujua mdudu yumo kabla ya hasara, bila kulifungua gunia.

Na wazo lilipoanzia napajua, kwa sababu palikuwa ofisini kwangu. Nilikuwa nimenunua gunia la mahindi, nikaliegemeza nyuma ya mlango nikisubiri mume wangu aje na gari. Profesa wake alikuwa safarini. Kijana akaingia kuleta ripoti, akasimama, akasahau kilichomleta. Mara nikamwona anapiga magoti na kulaza sikio kwenye gunia langu.

"Dada, wanakula," akasema.

"Nani wanakula?"

"Njoo usikilize."

Nilisikiliza, sikusikia kitu, nikamwambia aende akalale maana kusoma kumemzidi. Kesho yake akaja na kipimo cha mkewe na kunivalisha masikioni. Nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo ya kutafuna, kama mtu anayekula karanga chumba cha pili. Mwili ulinisisimka wote, na mahindi yale niliyauza siku hiyo hiyo.

Profesa aliporudi na kuelezwa, alicheka kwanza, halafu akavaa kipimo, halafu akaacha kucheka. Akatafuta fedha za vinasa sauti vidogo vya kuchomeka kwenye magunia, na kazi ikaanza kweli. Naye Profesa, nimsemee haki yake, korido nzima alikuwa akiitangaza: "Hili wazo la huyu kijana, mimi lisingenijia hata ningezaliwa mara mbili." Lakini makala ilipokuwa tayari kuchapishwa nikaona jina la kijana limewekwa la mwisho. Nilimuuliza imekuwaje. Akanijibu kwamba yeye hawezi kupita mlangoni kabla ya mwalimu wake. Profesa alikuwa amesharidhia, sidhani hata alitazama mpangilio. Ile nidhamu ilinifurahisha wakati ule. Nikajisemea huyu kalelewa.

Akahitimu uzamivu. Tukapiga vigelegele, mama yake akaja na nguo mpya, tukapiga picha kwenye ngazi. Baada ya hapo ndipo mambo yalipokwama, maana chuo kilikuwa kimesitisha ajira za wahadhiri. Mtu wa aina yake, mwenye shahada kubwa asiye na kiti, hutafuta nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu. Ni kazi ya muda, ya miaka miwili hivi, ya kumvusha kutoka uanafunzi hadi uhadhiri. Tatizo ni kwamba karibu kote sharti ni lile lile: miaka mitano tangu uhitimu ikishapita, hupokelewi. Unakuwa kama dawa iliyopita tarehe, hata kama ndani bado ni nzima.

Idara ikamwonea huruma na kumwachia chumba kidogo cha stoo akae na chupa zake za wadudu. Mshahara hakuna. Alifundisha vipindi vya hapa na pale na alilipwa wahasibu walipomkumbuka. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo maombi yote alituma kwa yangu, saa za chakula cha mchana, mimi nikila na yeye akiandika. Nilizoea kumwona akichungulia mlangoni asubuhi.

"Dada, kuna kilichoingia?"

"Hakuna, mdogo wangu. Kaa kwanza."

Kilichoingia mara nyingi kilikuwa ni majibu ya kukataliwa, tena yenye adabu tele. Tumepokea maombi mengi kuliko tulivyotarajia. Tunakutakia kila la heri. Wengine hawakujibu kabisa. Mmoja alimsifu ukurasa mzima, nikaanza kushangilia, kumbe mwishoni anasema njoo ila uje na fedha zako mwenyewe. Mwingine alimkubali kabisa, tarehe ikapangwa, ubalozi ukakaa na pasi yake ya kusafiria mpaka tarehe ikapita. Mwingine naye aliandika kwa masikitiko kwamba mfuko wao umefungwa. Sijui mtu afanye nini na mambo ya namna hiyo. Hakuna hata wa kumgombeza.

Nyumbani mkewe ndiye aliyebeba kila kitu, na hakusema neno, jambo ambalo mumewe alisema lilimuumiza kuliko maneno. Mama yake alimpigia simu kila wiki. "Mwanangu, hilo darasa gani lisiloisha? Wenzako wana wajukuu." Kaka wa mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anamvuta upande wake: "Shemeji, njoo dukani. Mtu aliyehesabu wadudu atashindwa kuhesabu misumari?" Alikuwa anamaanisha wema. Kijana alicheka na kumwambia ampe muda kidogo, naye alimpa, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa tano ndipo ilipokuja. Idara yetu yenyewe ilipata ufadhili wa utafiti wa uhifadhi wa nafaka, na ndani yake kukawa na nafasi moja ya mtafiti wa baada ya uzamivu. Nilipolichapa lile tangazo nililisoma mara mbili, maana ni kama lilikuwa limeshonwa kwa vipimo vyake. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kabla ya miaka yake mitano kutimia. Ikimpita hii, basi tena, chuo hiki na vingine vyote. Alijua, nilijua, na shemeji yake dukani alijua pia kwa sababu alikuwa ameshamtengea meza.

Waombaji wakachujwa, wakabaki wawili. Wa pili alikuwa binti aliyesomea mambo ya kompyuta na sauti, mwerevu, hana makuu. Nilijaribu kumchukia nikashindwa.

Profesa, kwa kuwa mradi ni wake, ilibidi awe kwenye jopo. Ni mtu mnyoofu kupita kiasi. Usaili ulipofunguliwa alinyoosha mkono. "Mmoja wa hawa ni mwanafunzi wangu," alisema. "Sitaki idara hii inyooshewe kidole. Nitakaa, lakini sitamuuliza wala sitamsemea." Mwenyekiti, mama mmoja makini kutoka kitivo kingine, alimshukuru mbele ya wote. Nikayaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao, tena kwa kujivuna, kwamba na sisi tuna watu safi.

Kijana alikuwa nje kwenye benchi, amevaa suti ya harusi yake, shingo inacheza ndani ya kola kwa jinsi alivyokonda. Nilimpelekea maji.

"Mdogo wangu, nisikilize. Leo jisifu. Siku moja tu. Kesho urudie upole wako."

"Nitajitahidi, dada."

Alipoingia alianza vizuri mpaka moyo wangu ukatulia. Alieleza dumuzi anavyotafuna, anavyonyamaza ukigusa gunia, jinsi ya kumtofautisha na wenzake. Jopo zima liliegemea mbele. Mjumbe mmoja, mgeni kutoka chuo kingine, alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha huyo mgeni akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya: "Njia hii ya kusikiliza ni nzuri sana. Wazo la kwanza lilikuwa la nani?"

Kijana alimtazama mwalimu wake. Na mwalimu, kwa ajili ya ahadi yake, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama meza.

Baadaye kijana aliniambia alichokiona pale. Alimwona mwalimu wake, mzee wa watu, ameinama mbele ya wageni, akadhani anaona haya kwa jina lake kutangulia kwenye makala. Akadhani akisema "ni langu" atakuwa amemvua nguo hadharani. Mimi pale sikujua. Nilichosikia ni jibu.

"Ni la mwalimu wangu," akasema. "Mimi nilifuata alivyonielekeza."

Kalamu yangu ilisimama. Profesa aliinua uso, akafungua mdomo, akamwangalia mwenyekiti, akaufunga. Mgeni akaandika kitu, akauliza tena: je, ukipewa fedha zako na uhuru wako, utaanzisha nini? Swali hilo tulikuwa tumelifanyia mazoezi ofisini kwangu, alikuwa na majibu ya kujaza saa nzima. Lakini alikuwa ameshashika njia ile na hakuweza kugeuka.

"Nitaendeleza kazi ya mwalimu," akasema.

Nilitaka kumrushia daftari. Nasema kweli, nilitaka limpige usoni azinduke.

Alipotoka, mgeni alivua miwani. "Mtendaji mzuri sana, mkweli. Lakini nafasi hii ni ya mtu mwenye mawazo yake mwenyewe. Huyu amesema mwenyewe hana."

Hapo nikafanya ambacho sijawahi kufanya tangu niajiriwe. "Samahani, Mwenyekiti. Wazo ni lake. Lilianzia ofisini kwangu, nilikuwepo."

Mwenyekiti hakunikemea, na afadhali angenikemea. "Katibu, tunakuheshimu," alisema. "Lakini jopo linapima aliyoyasema msailiwa mwenyewe. Tukianza kupokea mashahidi wa huyu, na yule binti tumwitie wa kwake?"

Alikuwa sahihi. Tukageuka sote kumtazama Profesa, maana sasa ilibaki kwake. Alikuwa amebana vidole mezani mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Nimeahidi kutomsemea," alisema kwa sauti ndogo. "Ipo kwenye kumbukumbu."

Ilikuwepo kweli, kwa mwandiko wangu. Binti akapewa nafasi, nami nikaandika hivyo.

Nilimfuata Profesa koridoni nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza mimi kwa nini kijana hakusema. Tukabaki tunaulizana hivyo, watu wazima wawili, mpaka wanafunzi wakaanza kutupita kwa kunyata. Siku iliyofuata alikwenda kwa wakubwa kuomba usaili urudiwe, akakiri kila kitu. Wakamsikiliza, wakampa chai, wakamwambia taratibu zote zilifuatwa na aliyeshinda hana kosa la kumnyang'anya. Wakati wanamjibu hivyo, ile miaka mitano ilikuwa imeshatimia.

Kumpa kijana matokeo ni kazi yangu. Nilimpigia simu nikiwa nimefunga mlango. Akauliza, "Mwalimu amenikasirikia?"

"Hapana."

"Basi sawa, dada."

Stoo ilibidi airudishe. Wale wadudu hawaruhusiwi kutoka hai, kwa hiyo aliziingiza chupa zake kwenye friza moja moja kwa mikono yake, akafunga mlango wake, akasimama ameushikilia kama kuna mtu angemzuia. Alikuwa amewalea miaka yote ile, kizazi juu ya kizazi, na kulikuwa na kundi moja ambalo hakuna mwingine mwenye nalo. Nililia. Yeye hakulia, alinikabidhi ufunguo na kunishukuru kwa kompyuta.

Akaenda dukani kwa shemeji yake. Anauza rangi, misumari na mabomba, na nasikia wateja wanampenda kwa kuwa hadanganyi. Mama yake ameacha kupiga simu kila wiki, maana sasa mwanawe ana kazi ya kueleweka.

Binti naye alianza kazi kwa bidii. Baada ya muda akaja mezani kwangu ameshika tama. Mashine zake zinanasa sauti vizuri, alisema, lakini hawezi kujua ipi ni ya dumuzi na ipi ni ya fukusi wa kawaida. Profesa alikuwa amestaafu, yuko nyumbani anaumwa, na alimwambia mwenye kujua ni mmoja tu. Binti aliona haya hata kulitaja jina. Nikapiga simu mimi, nikaiweka mezani katikati yetu tusikie wote.

Sijui kama naweza kuieleza ile furaha. Sauti yake ilibadilika palepale. Nyuma yake tulisikia mtu anauliza bei ya bawaba, naye anamwambia, "Subiri kidogo, mzee wangu, kuna jambo hapa." Akamweleza binti kila kitu, mpaka asichoulizwa. Dumuzi anatafuna kwa vipindi. Ukigusa gunia ananyamaza, kwa hiyo kaa kimya umngoje, ataanza tena, usiwe na papara. Yule mwingine hajali, anatafuna tu mfululizo. Binti aliandika mpaka mkono ukamchoka. Alikuwa karibu kulia kwa shukrani.

"Kaka, hii itabadilisha makala yote," alimwambia. "Nataka niandike imetoka kwa nani. Nikuandike wewe?"

"Mwandike mwalimu," akajibu haraka.

Safari hii hapakuwa na mwenyekiti. "Usimwandike mwalimu!" nikasema. "Wazo ni la huyu, kazi ni ya huyu. Mwandike yeye." Nikamtajia binti jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu, herufi kwa herufi, na binti akaandika, na mimi nikasimama nyuma yake mpaka alipomaliza.

"Dada, usinitie aibu," sauti ilisema kwenye simu. Kisha mteja wa bawaba akaita tena na simu ikakatika.

Makala ilipokuwa tayari, binti alimpelekea nakala aithibitishe, kwa kuwa taratibu za wachapishaji haziruhusu kumtaja mtu bila ridhaa yake. Ilirudi imesahihishwa vizuri, makosa mawili ya maana ameyaona, na jina lake amelikata kwa mstari mmoja, likabaki la mwalimu. Nilimpigia nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabana tangu siku ile ya usaili. Nilimwambia yeye na mwalimu wake wanaheshimiana mpaka wanaangamizana. Nilimwambia kitabu cha wanasayansi kitamsahau kama hakuwahi kuzaliwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada, mwalimu anaumwa," alisema. "Mkewe huwa anamsomea. Atamsomea na hii. Mwache akute jina lake peke yake."

Nilienda kwa Profesa Jumamosi yake kumwomba aamuru jina lirudi. Nilimkuta kitandani, amefumba macho, mkewe ameshika makala mkononi. Nikaeleza kilichonileta. Mkewe akaniangalia kwa huzuni, akasema amemsomea tangu asubuhi mara nyingi, na kila akifika kwenye jina la mumewe mzee anauliza lile lingine liko wapi, na kila akimjibu halipo anamwambia asome tena, pengine ameliruka.